Pungufu

Mjomba Mselemu alipima kahawa Kilindini,
gunia kwa gunia, mchana kutwa,
akirudi Kibokoni na vumbi la buni masikioni.
Akaoga, akala, akafungua kasha.

Kazi yangu mimi ilikuwa sandarusi.
"Paka, Zuwena. Usipake kama apakaye samli.
Paka kama umfutaye mtoto machozi."
Singa za ule uta zilitoka kwa farasi, alisema,
farasi aliyekufa mbali
asijue kuwa angali analia huku.

Mji huu haukosi la kusema.
Kwamba vidole vile si vya binadamu, ni virefu mno;
kwamba usiku wa Jumanne hushuka kisima kikavu
nyuma ya Ndia Kuu, akampigie mwenye kisima
deni la ufundi.
Bi Rukiya aliapa kumwona hana kivuli.
Mjomba alicheka hadi akakohoa:
"Ninacho. Nimekiweka rehani kwa muuza nyuzi."

Kweli yenyewe ilikuwa hivi.
Mwaka wa mvua nyingi mizani iliteleza
ikakibana kidole cha mwisho, mkono wa kushoto.
Chanda chema huvikwa pete;
chake kilivikwa bendeji,
na bendeji ilipofunguliwa hakikunjiki.
Miezi minane fidla ilining'inia ukutani
kama koti la mtu aliyesafiri.
Kisha usiku mmoja nikasikia sauti moja, ndefu,
ikipapasa, kama mtu atafutaye mlango taa zimezimika.
Akajifunza upya kwa vidole vitatu.
Vitatu!

Arusi ya Kuze uzi wa kwanza ulikatika
bwana arusi anavua viatu mlangoni.
Wa pili ukamfuata mwenziwe.
Mpiga udi akainua uso, dumbaki ikanywea.
Wa tatu Mjomba aliulegeza mwenyewe, kwa ujeuri tu,
nimeona kwa macho yangu,
akabaki na mmoja.
Sauti ikawa ya mwanamke,
ikawa ya bawaba isiyotiwa mafuta,
ikarudi kuwa ya mwanamke, safari hii amesamehe.
Shangazi wa bi arusi hakutunza noti.
Alivua kikuku cha fedha
akakitia mfukoni mwa koti lake, kimya.
Kesho yake tulikiuza, tukanunua nyuzi.

Tungo zake hakumfundisha mtu.
Aliziandika nyuma ya stakabadhi za bohari,
penseli ya buluu: vitone, vistari, mikia,
na kitu mfano wa wau iliyolewa.
"Ukinisoma utaniiba."
Watu walimwita bahili. Nami nilimwita, moyoni,
hasa nilipoomba na akanigeuzia mgongo.

Sasa ninayo fidla, kikopo cha sandarusi,
na bahasha saba.
Miaka sita nimekaa nazo.
Nimegundua: kitone, uta hushuka; mkia, hupanda;
wau ile ni kidole kinachoteleza.
Tungo kumi na nne nimezitoa, mbili zikiwa na kasoro,
sijui kama ni zangu au zake.

Ukurasa mmoja ulinikataa.
Hauna mkia, hauna wau, ni vistari vimebanana.
Nikasema hapa ndipo kisimani, hapa ndipo alipoficha.
Jana nikampelekea Kombo wa Marikiti,
aliyekuwa karani naye, siku hizi anauza kufuli.
Akafuta miwani kwa kanzu.
"Haya magunia," akasema.
"Pungufu kilo tatu. Pungufu tano. Pungufu nusu.
Tarehe hii naikumbuka."
Akaweka ukucha pale mstari ulipokatika:
penseli imeteleza hadi ukingoni mwa karatasi.
Tukanyamaza. Mteja akauliza bei ya kufuli.

Nilirudi nikaupiga hivyo hivyo ulivyo.
Tatu. Tano. Nusu.
Mbaya, kusema kweli; Bi Rukiya alifunga dirisha.
Nikapaka sandarusi, polepole,
nikakikunja kidole changu cha mwisho,
nikaanza tena.